Kabla ya Kuitwa: Kutunzana Katika Mambo ya Kila Siku

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wawakilishi wa vikundi, katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika)



Kamati ya jubilei iliniomba nizungumze juu ya upendo. Nilishukuru, kisha nikaomba ruhusa ya kulipunguza somo. Upendo ni neno pana, na katika neno pana mtu aweza kujificha asionekane. Kwa hiyo leo nitasema juu ya kutunzana tu, yaani yale mambo madogo ambayo mtu humtendea mwenzake siku ya Jumanne, pasipo kengele kupigwa wala jina lake kutangazwa kanisani.

Katika juma hili tumesikia mengi ya kutia moyo. Tumesikia habari za jengo la kwanza lililoezekwa kwa nyasi, za kengele, za shule, za kwaya na za wana wa usharika huu waliopata kuwa watumishi mahali pengi. Hayo yote yameandikwa, na ni haki yaandikwe. Lakini yako mambo yaliyoushikilia usharika huu kwa miaka mia moja ambayo hayamo katika daftari lolote. Niruhusuni nianze na jambo moja la namna hiyo ambalo mimi mwenyewe sikulitenda.

Magogo matatu

Nilipotoka Chuo cha Theolojia Makumira nilipangiwa kazi katika usharika mmoja wa huku huku mlimani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa kijana, nina bidii, na tulikuwa katika kazi ya kuezeka kanisa upya. Kila siku kulikuwa na kikao: leo kamati ya ujenzi, kesho kamati ya fedha, keshokutwa fundi wa mabati.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mzee, aliyekaa daima benchi la tatu upande wa akina mama. Kila Jumapili alileta mayai mawili yaliyofungwa katika jani la mgomba, yauzwe katika mnada wa sadaka baada ya ibada. Ikafika Jumapili moja mayai yale hayakuonekana. Wala ya pili. Niliona, nisije nikasema sikuona. Nikaandika katika kitabu changu cha kazi: kumtembelea mama fulani. Juma lile lilipokwisha sikuwa nimekwenda, nikalihamishia jina lake katika ukurasa uliofuata. Kwa majuma matano nililihamisha jina lile kutoka ukurasa hadi ukurasa, mpaka mzee wa mtaa alipokuja kunieleza kwamba mama amefariki hospitalini kwa homa ya mapafu.

Siku ya mazishi niliteremka mapema pamoja na wazee. Tulipofika kwenye mfereji unaopita juu ya kihamba chake, tuliwakuta vijana wapatao sita wakiwa na mapanga na nyundo, wanalaza magogo mapya juu ya maji. Nikauliza kuna nini. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, pasipo kunilaumu: “Gogo la zamani lilioza tangu masika, Mchungaji. Bibi aliogopa kulivuka, ndiyo maana hakuwa akija kanisani. Leo tunatengeneza ili jeneza lipite.”

Kazi ile iliwachukua muda usiofikia saa mbili. Magogo matatu na misumari michache. Niliendesha ibada, nikahubiri, na baadaye watu walinishika mkono wakisema nimewafariji. Nami nilirudi nyumbani nikipita juu ya daraja jipya, imara, ambalo aliyelihitaji hakulikanyaga hata mara moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwapo mtu mmoja aliyelivuka gogo bovu. Ni binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita, aliyekuwa akitambaa juu yake kila jioni na ndoo ndogo ya maji ya bomba, akampelekea bibi. Hakuna kamati iliyomtuma. Alikuwa hata hajapata kipaimara. Katika majuma yale yote matano, mchungaji wa yule mama alikuwa ni mtoto yule.

Wapendwa, nimelibeba jambo hili kwa miaka zaidi ya thelathini. Silitoi leo ili mnihurumie. Nalitoa kwa sababu naogopa kwamba kosa lile si la kijana yule mchungaji peke yake. Nikitazama sharika zetu, naona kwamba tumekuwa hodari sana wa misiba. Mtu akifariki, jioni ile ile kamati imeundwa, viti vimekodiwa, turubai limefungwa, mchango umeandikwa, na gari la kumleta marehemu limepatikana. Ni jambo jema, tena ni heshima yetu. Lakini je, mtu yule alipokuwa hai na miguu inamwuma, nani alijua kwamba gogo limeoza? Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumezoea kuujenga ukuta, tukaona ndiyo sifa yetu.

Waliotutangulia walijua

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Wamisionari wa Misheni ya Leipzig walianza kazi hapa Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wale waliokuwa Wajerumani waliondolewa nchini. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa hapa hapa, watu wenye elimu ndogo ya darasani na fedha kidogo kuliko hiyo elimu. Vita ya Pili ilipokuja, wamisionari wakaondolewa tena, na kazi ikabaki kwa wachungaji wetu, ambao wa kwanza wao huku kaskazini walibarikiwa mwaka 1934. Usharika wetu ni mtoto wa nyakati hizo. Ulilelewa na watu ambao hawakuwa na kitu cha kugawa isipokuwa miguu yao ya kwenda na masikio yao ya kusikiliza.

Yuko mmisionari mmoja ambaye wazee wetu walimtaja sana, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi yake kubwa Old Moshi hadi mwaka 1938. Yako mambo ambayo wasomi wanabishana naye, na wana haki ya kubishana. Lakini jambo moja aliliona sawasawa: kwamba mtu wa huku haishi peke yake, na Injili haikuja kumng’oa katika ukoo, ujirani na rika lake. Akawapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kuangaliana, na akawategemea wazee wa ujirani katika malezi ya usharika. Jumuiya zetu za leo za nyumba kwa nyumba si wazo geni. Ni mbegu iliyopandwa katika udongo uliokuwa tayari.

Nanyi mnaijua mifereji yetu, ile tunayoiita mifongo, iliyochimbwa na mababu kabla mzungu yeyote hajafika. Maji yalikwenda kwa zamu, na kila mwenye zamu alipaswa kutoka wakati wa msaragambo kuuzibua mfereji. Asiyetoka alitozwa faini. Mbona walikuwa wakali hivyo? Kwa sababu walijua kwamba mfereji haufi kwa siku moja. Huanza na majani makavu yanayoziba penye kona, kisha udongo, kisha siku moja mtu wa chini anaamka, migomba yake imekauka, wala hajui aliyemnyima maji ni nani. Hakuna aliyemnyima. Ni kwamba kila mmoja aliyapita yale majani makavu. Uhusiano wa watu hufa vivyo hivyo.

Bwana wetu katika mambo madogo

Tukifungua Maandiko tunaona kwamba Bwana wetu hakuyadharau mambo haya. Alipomfufua binti wa Yairo, watu wote wakiwa wameshikwa na mshangao, Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto hajala, akaagiza apewe chakula. Baada ya kufufuka kwake, wanafunzi waliokesha ziwani bila kupata kitu walikuta amekwisha kuwasha moto na kuwaandalia samaki na mkate. Mshindi wa mauti alikuwa anapika chakula cha asubuhi! Na pale msalabani, katika maumivu yale, alihakikisha kwanza mama yake amepata nyumba ya kukaa.

Mtume Paulo naye, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, baada ya maneno mazito juu ya kumaliza mwendo, anaomba aletewe joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, tena anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Nilipokuwa chuoni nilikipita kifungu hicho haraka haraka, nikitafuta mafundisho makubwa. Sasa nina umri wa kusikia baridi magotini, naona kwamba na hili ni fundisho. Mtume anasikia baridi. Anayempenda atamletea joho, na atafika mapema.

Katika mfano wa Msamaria mwema twamsifu Msamaria, nasi twafanya vema. Lakini mtazameni na mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alitoa dinari mbili, akaahidi kurudi, akaendelea na safari. Nani basi alibaki akiosha vidonda asubuhi na jioni? Nani aliamka usiku mgonjwa alipolia? Hatajwi jina, wala hatusikii akishukuriwa. Wengi wetu hatutapata kumwokoa mtu njiani. Sisi tumewekwa tuwe wenye nyumba ile.

Wittenberg na kwetu

Baba yetu Martin Luther alilielewa jambo hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kikahamishiwa Jena, na wengi wakakimbia. Luther alibaki, pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji. Katharina, mkewe, alikuwa mjamzito, na nyumba yao ikageuka kuwa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Katika siku hizo aliandika barua ya kujibu swali kama Mkristo aweza kuikimbia tauni. Hakuwahukumu wote waliokimbia, wala hakuwasifu waliojitia hatarini kwa ujinga. Alitaka watu watumie dawa na kujikinga. Ila alisisitiza kwamba aliyefungwa na wajibu kwa jirani yake asiondoke mpaka awepo mwingine wa kumtunza. Na katika Katekisimo Ndogo, ambayo wengi wenu mliikariri kwa kuogopa fimbo ya mwalimu, anaieleza amri ya kutoua si kwa kukataza tu, bali kwa kutuagiza tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa Luther, kumwacha jirani bila msaada ni sehemu ya kuua.

Nasi tulipata tauni yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haikuchukua muda mrefu ugonjwa ukafika milimani kwetu. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, vijana wengi waliletwa nyumbani kutoka mijini wakiwa wamebaki mifupa. Hofu ilikuwa kubwa. Wapo waliotenga kikombe cha mgonjwa, na wapo waliopita mbali na mlango wake. Lakini wapo pia akina mama, na baadhi yao wameketi hapa mbele yangu, ambao waliingia, wakakaa kitandani, wakamlisha uji mgonjwa kwa kijiko, wakafua shuka, wakarudi kesho yake. Sitawataja majina maana najua hawapendi. Nasema tu kwamba sura ile ya historia yetu hatukuiandika kwa wino, nao ndio walioiandika.

Njia za kila siku

Sasa mtaniuliza, Mchungaji, tufanye nini? Nitasema mambo machache, wala hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Kwanza, tujue. Huwezi kumtunza mtu usiyemjua. Mzee wa kanisa ajue katika mtaa wake nani anaishi peke yake, nani ana mgonjwa, nani gogo lake limeoza. Salamu zetu zilikuwa ndefu kwa sababu hiyo: tuliuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng’ombe, na mtu alisimama kungoja majibu. Siku hizi tunauliza “habari” tukiwa tumeshaanza kuondoka. Aliyejibu “nzuri” kwa sauti ya chini amekwisha kutueleza jambo, ila hatukuwapo.

Pili, twende mapema. Mwenye shida mara nyingi haiti. Anaona haya, au anadhani watu wana shughuli. Msiseme, “Ukiwa na shida niambie.” Maneno hayo ni mazuri, lakini yanamtwika mwenye mzigo mzigo mwingine wa kuomba. Semeni, “Kesho asubuhi nitakuja kukatia ng’ombe wako majani.” Kisha njooni.

Tatu, tutimize jambo dogo tuliloahidi. Daftari langu la mwaka ule limenifundisha kwamba kuandika jina la mtu si kumtembelea. Na kumwombea mtu, wapendwa, nakubali ni kazi kubwa. Lakini tusiitumie sala kama njia ya kumtuma Mungu mahali ambapo Yeye ametutuma sisi.

Nne, tuanze nyumbani. Kuna mwaka nilikuwa nikitoka alfajiri na kurudi usiku, natembelea wagonjwa wa usharika. Jioni moja mke wangu, akiwa amejifunika shuka kwa homa ya siku ya pili ambayo sikuwa nimeiona, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: “Baba, hivi na mimi ni msharika wako?” Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilijifunza kuteka maji, kuchemsha chai, na kusema ahsante kwa chakula ambacho kwa miaka mingi nilikila kama haki yangu. Akina baba, mtu akisifiwa barazani kwa ukarimu, huku nyumbani kwake hakuna aliyesikia neno la shukrani toka kwake, ukarimu huo una tundu.

Tano, tuwakumbuke wazazi wakati si Desemba. Twafurahi sana watoto wetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kwa Krismasi. Mlima wote unang’aa taa. Fedha nazo siku hizi zinafika kwa simu kabla maji ya chai hayajachemka, nami siwezi kulidharau jambo hilo, maana limewapatia wengi dawa. Lakini Januari hadi Novemba ni miezi kumi na moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wanangu mlio mijini, mpigieni mama hata siku ambayo hamna cha kutuma. Muulizeni amekula nini, mngojeni ajibu. Nanyi mliobaki, msiseme, “Yule ana watoto wenye uwezo.” Mtoto mwenye uwezo aliye mbali hawezi kumshika bibi mkono akivuka mfereji.

Sita, tusiache chuki ilale. Mababu walikuwa na jani la isale. Aliyekosa alilichukua, akaenda kwa mwenzake kuomba radhi, na aliyeletewa isale ilikuwa vigumu sana kulikataa. Sisi tuna msalaba, ambao ni zaidi ya isale. Ni aibu basi kwamba wapo ndugu wanaopokea Chakula cha Bwana siku moja, na nyumbani wana mpaka wa kihamba usiozungumzika tangu baba yao alipofariki. Kumwendea uliyemkosea kabla wazee hawajawaita ni njia mojawapo ya kumtunza, tena ni ya gharama kuliko kumpelekea mkungu wa ndizi.

Mwisho, tukubali kutunzwa. Hili nalisema kwa wazee wenzangu na kwa wachungaji hasa. Tumezoea kutoa, na kiburi chaweza kukaa hata katika kutoa. Petro alikataa kuoshwa miguu, naye akaelezwa na Bwana kwamba asipokubali hana shirika naye. Anayekuletea maji anahitaji nawe uyapokee.

Hitimisho

Ndugu zangu, miaka mia moja ni mingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuona mwanzo wake, na mwisho wa miaka mia ijayo wataadhimisha wengine. Watasoma kitabu hiki, wataona picha zetu, watahesabu mabati na vyumba vya madarasa. Ninachoomba ni kwamba wakute na jambo ambalo halipigwi picha: usharika ambao watu wake walikuwa wakifika kabla ya kuitwa.

Sitawaomba mwunde kamati. Nawaomba kila mmoja, kabla hajatoka ukumbini humu, akumbuke jina moja. Mtu ambaye hajaonekana kwa Jumapili mbili au tatu. Jirani ambaye moshi wake haupandi asubuhi kama zamani. Ndugu ambaye hamjazungumza naye. Msiliandike jina hilo. Mimi niliandika. Teremkeni kwake kesho kabla ya saa nne, na mkikuta gogo limeoza, mnajua la kufanya.

Mungu wa baba zetu na mama zetu, aliyewatunza katika siku zao, atutunze nasi, na atufanye tutunzane, kwa ajili ya Kristo Yesu Bwana wetu. Amina.